Jemadari Apiga Magoti

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kupokea wageni Garissa siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, mgeni mwenyewe akiwa mama mkwe mtarajiwa. Mimi naisema upya: mgeni njoo, mwenyeji aone cha moto.

Kwa waliokosa wiki zilizopita: jina langu ni Kinsi. Nina miaka ishirini na sita, nina diploma, na nina mashujaa kumi na wanne wa plastiki. Kila mmoja ana urefu wa shubiri, ana silaha yake na uso wake wa hasira.

Wa kwanza, Jemadari, nilimkuta ndani ya kiatu cha mtumba Soko Mugdi. Tangu siku hiyo sijapona. Katika simulizi la wiki ya pili, mbuzi wa jirani alimlia joho lake lote, pamoja na kisigino cha kiatu chake cha kushoto. Wiki ya tatu habari zikamfikia Bishara, mama yake Hanad. Hanad ndiye anayetaka kunioa.

"Ni kweli huyo binti anaweka masanamu?" Bishara alimuuliza mwanawe.

"Alikuwa nayo, Hooyo," Hanad akajibu kwa woga. "Ameyatupa."

Sikuwa nimetupa hata upanga mmoja.

Niliposikia uongo huo, nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika mapema ili msije mkasema nimelificha.

Haya. Jumatatu asubuhi Hanad akanipigia simu.

"Mama anakuja Alhamisi kukuona. Yeye na dada yake Nimo."

"Waje, karibu."

"Vile vitu umeshavitoa?"

"Vitu gani?"

"Kinsi, wallahi usinichezee."

"Wewe ndiye uliyesema nimevitupa. Sasa njoo uvitupe."

Akakata simu. Hanad ni mtu mwema, lakini ujasiri wake huwa na chaji ya asilimia tano.

Mama yangu, ambaye nami namwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi.

"Wapeleke kwa Eddo Weris mpaka wageni waondoke."

Eddo Weris ni dada wa marehemu baba. Anauza uunsi, ubani wetu wa kujifukizia, na vyetezo sokoni, kwenye kibanda cha bati.

"Hooyo, kibanda cha Eddo saa saba mchana kinaivisha mkate. Wataiva nao."

"Basi watie sandukuni."

"Niliwatia sandukuni mwezi wa pili. Walitoka wamejikunja kama wazee wenye baridi yabisi."

"Subhanallah. Nimezaa binti au nimezaa nesi wa sanamu?"

Tukakubaliana hivi: mashujaa watabaki kwenye rafu yangu chumbani, nyuma ya pazia, mlango ukiwa umerudishwa. Sitamdanganya mgeni, ila sitamfungulia mlango.

"Na wakianguka?" Hooyo akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jana yake pekee walikuwa wameanguka mara tatu.

Stendi nilizokuwa nazo ni zile za kawaida: kisahani chenye kigingi kidogo, na kigingi kinaingia kwenye tundu la unyayo. Nairobi zinafaa. Garissa, ikifika saa sita, kifundo cha mguu kinalegea. Shujaa anaanza kuinama polepole kama mlinzi wa benki anayesinzia. Kisha anamwangukia jirani yake, naye jirani anamwangukia wa tatu, na wote kumi na wanne wanafika sakafuni kwa kishindo cha sinia la vyombo.

Hebu waza Bishara ameshika kikombe cha chai, na nyuma ya mlango jeshi zima linaporomoka.

Kwa hiyo nilikuwa na siku tatu za kupata stendi ambayo haitaanguka, haitapiga kelele na haitashindwa na jua. La sivyo, ndoa yangu ingeanguka na mashujaa.

Jumanne asubuhi nilijaribu stendi za koleo, zile zinazomshika shujaa kiunoni kwa waya. Nilizinunua zamani Islii, kule Nairobi. Kiuno kilishikika sawasawa. Ila saa saba mchana, kila kilichokuwa juu ya kiuno kilikuwa kimeinama. Walionekana kama watu kumi na wanne wanaotafuta sindano moja.

Jumanne jioni zikafika kwa basi stendi za mkono wa plastiki angavu, nilizoagiza wiki iliyotangulia. Mzigo ulikuwa umewekwa karibu na injini tangu Nairobi. Stendi zenyewe zilihitaji stendi.

Nikaenda kwa Sugow, seremala wa mtaa wa Bula Iftin. Nilimwekea Jemadari juu ya meza yake.

"Sugow, nataka kitu cha mbao cha kumshika mtu huyu asilale."

Sugow akavaa miwani. "Huyu ni nani?"

"Jemadari."

"Wa serikali gani?"

"Sugow!"

"Nauliza tu, abaayo, dada yangu. Kama ni wa serikali, kumzuia asilale ni kazi kubwa."

Akaahidi kumi na nne, Jumatano saa nane. Na Jumatano saa nane nilipomrudia, akatoa kumi na nne kweli, za mti mgumu, zimepakwa mafuta, zimechorwa nakshi pembeni. Nilifungua mfuko nikatazama. Nikatazama tena.

Zilikuwa barkin. Vile viegemeo vya kichwa ambavyo mchunga ngamia hulalia porini ili nywele zisiguse vumbi. Vidogo, vya kutosha kichwa cha shujaa.

"Nilisema asilale!"

"Nilikusikia."

"Sasa hizi ni za nini?"

"Kila anayesimama ipo siku atachoka," Sugow akasema bila aibu. "Nimekuwekea akiba."

Nikatoka pale na viegemeo kumi na vinne, hasira moja, na saa ishirini na tano mpaka wageni wafike. Nikaenda kulilia sokoni kwa Eddo Weris.

Eddo alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa na Jemadari mkono mmoja na mfuko wa Sugow mkono wa pili. Ili nishike kikombe, nilimchomeka Jemadari kwenye kitu cha karibu, nikaanza kulalamika.

Nililalamika kikombe kizima. Nikalalamika kikombe cha pili. Nilipogeuka, Jemadari alikuwa bado amesimama.

Jua lilikuwa linampiga usoni. Bati juu yetu lilikuwa linalia kwa joto. Nikaitikisa meza. Akasimama. Nikaipiga meza teke. Kikombe cha Eddo kikaanguka, Jemadari akasimama.

"Naa Kinsi, una jini?" Eddo akafoka.

"Eddo! Umepata stendi!"

"Nimepata nini?"

Alikuwa amesimama ndani ya chetezo. Sisi tunakiita dabqaad: jiwe lililochongwa, kitako kizito, kiuno chembamba, na bakuli juu la kutilia kaa na uunsi. Eddo hutandika mchanga wa Mto Tana ndani ya bakuli, ili kaa lisipasue jiwe. Mchanga ule ulikuwa umemshika Jemadari hadi muundi. Kifundo, ambacho ndicho ugonjwa wake, kilikuwa kimezikwa penye baridi.

Wanadamu wamehangaika na vigingi na koleo, na kumbe dawa ilikuwa kwa shangazi yangu.

"Unavyo vingapi hivi?"

"Kumi na vitano. Ni oda ya harusi ya Jumamosi. Vimechongwa na mkono mmoja, jiwe moja, hata mimi siwezi kukuambia kipi ni kipi."

"Niazime kumi na vinne mpaka kesho."

Eddo akaniangalia, akamwangalia Jemadari, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wallahi, watoto wako wa plastiki watasimama juu ya vyetezo kama wazazi wanaojifukiza baada ya arubaini."

"Eddo, tafadhali."

"Chukua vyote kumi na vitano. Hicho kimoja tutawafukizia wageni. Lakini kikirudi kimoja kina hata alama, nitakufukiza wewe."

Usiku huo wa kuamkia Alhamisi hakuanguka mtu. Asubuhi hakuanguka mtu. Saa sita, joto likiwa la kukaanga yai juu ya pikipiki, nilifungua pazia nikawakuta kumi na wanne wima kama gwaride. Nikawapigia saluti. Nikafunga pazia.

Saa tisa gari la Hanad likasimama nje. Yeye akabaki ndani ya gari, kama ilivyo adabu, na kama ilivyo hofu. Wakashuka wanawake wawili.

Bishara ni mrefu, ana shali ya hariri na macho ya karani wa forodha. Nimo, mdogo wake, ni mfupi, mchangamfu, na hana breki kwenye ulimi.

Salamu zikachukua robo saa: afya, mvua, ngamia, jamaa wa Modogashe, jamaa wa Ijara, tena afya. Tukaketi kwenye magodoro. Nikaleta chai.

"Nimesikia una ulimi," Bishara akaniambia.

"Ninao mmoja tu, mama."

"Inaelekea unatosha."

Nimo akacheka chai ikampalia. Hooyo akanifinya.

"Hanad aliniambia ulikuwa na vitu."

"Kila mtu ana vitu, mama."

Akanitazama. Nikaangalia sambusa. Sikudanganya, lakini uongo ulikuwa umekaa karibu nami umenikunjia miguu.

Eddo Weris akaingia na chetezo cha kumi na tano. Alikuwa ametia kaa jekundu, akafunika na majivu kidogo, na juu yake uunsi ule wa harusi. Moshi ukajaa sebule. Kwetu mgeni wa heshima haondoki bila moshi huo kwenye nguo zake.

Akakiweka mbele ya Bishara. Bishara akakishika kwa kitako.

"Nionyesheni chumba nijifukize vizuri," akasema. Hilo ni jambo la kawaida. Mwanamke mzima hawezi kufunua nguo zake sebuleni ili moshi uingie.

"Chumba changu kile, mlango wa kulia," Hooyo akasema. "Jisikie nyumbani, abaayo."

Mimi nilikuwa nimesharudi jikoni, natoa sambusa kwenye mafuta. Nikasikia mlango ukilia kama ndama. Katika nyumba yetu ni mlango mmoja tu unaolia hivyo, na ni wangu. Lakini mafuta yalikuwa yanachemka na mimi nilikuwa na sambusa thelathini za kuokoa. Nikajiambia ni jirani.

Eddo alipita koridoni akikokota ndara, akitafuta sinia. Mlango ukalia tena.

Niliporudi sebuleni, Bishara alikuwa ameketi mahali pake, chetezo kiko karibu na goti, shali imekifunika nusu.

"Mbona hakitoi moshi?" Nimo akauliza.

"Umeisha."

"Umeisha upesi hivyo? Na mimi je?"

"Nimo, kula sambusa."

Nimo akala sambusa. Sote tukala sambusa. Kisha Bishara akajifuta vidole kimoja kimoja, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kinsi, mama. Nionyeshe unapolala. Chumba cha msichana ndicho cheti chake."

Hooyo akapoteza rangi. Eddo akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa na sababu.

"Chumba hakijapangwa, mama," nikasema.

"Ndiyo maana nataka kukiona."

Tukaenda wote watano kwa mstari, kama watu wanaokwenda kumwangalia maiti. Nikafungua mlango. Ukalia. Bishara hakutazama kitanda. Hakutazama dirisha wala vitabu vyangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia la rafu, kana kwamba ameelekezwa, akalivuta kwa mkono mmoja.

"Haya! Yametupwa, sivyo?"

Mashujaa kumi na watatu walikuwa wamesimama wima.

Jemadari alikuwa anainama.

Aliinama polepole, kifua kikishuka mbele. Magoti yakakunjika. Mkono wake wenye upanga ukashuka chini, taratibu, kama mtu anayeweka silaha. Kisha paji la uso wake likagusa ukingo wa chetezo, mbele ya Bishara, na pale akabaki.



"Linanisujudia!" Bishara akapiga ukelele. "Astaghfirullah! Sanamu linanisujudia mimi!"

"Dada, labda anakuamkia tu," Nimo akasema.

"Nitoeni humu! Nitoeni!"

Sasa ikaja harufu. Nusu ya kwanza ilikuwa uunsi wa harusi. Nusu ya pili ilikuwa ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko. Eddo akaruka, akamshika Jemadari kichwani, akamvuta. Jemadari akatoka bila miguu. Miguu ilibaki imegandamana na kaa, inatokota.

"Chetezo changu!" Eddo akalia. "Chetezo cha harusi!"

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Usiku ule mchanga ulikuwa baridi. Saa sita mchana ulikuwa baridi. Nani alitia moto?

Bishara alikuwa ameshafika barazani, ameshika nguzo. Akamwita mwanawe kwa sauti iliyoamsha mtaa wote, bula nzima.

"Hanad! Waryaa Hanad!"

Hanad akaja mbio, akavua viatu, akaingia barazani na funguo za gari mkononi. Aliponiona, alielewa. Alipomwona Eddo amembeba Jemadari asiye na miguu, akaacha kuelewa.

"Uliniambia yametupwa," mama yake akamwambia.

"Hooyo, mimi..."

"Nyamaza. Huyu binti ameweka masanamu nyumbani, amekuacha uniongopee, na masanamu yake yamenifanyia mambo ambayo sitayasahau mpaka kaburini. Aniombe radhi hapa hapa. La sivyo, washa gari."

Hooyo akanijia, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mwombe radhi, hooyo," akaninong'oneza. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, jina la mama mwenyewe, na akikuita hivyo huna pa kukimbilia. "Nakuomba."

Na mimi nilikuwa tayari. Nasema kweli. Nilikuwa nimenyamazia uongo, mgeni ameogopeshwa chini ya paa letu, na Hanad alikuwa ananitazama kama mtu anayezama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Kwanza niletee mkoba wangu," Bishara akasema. "Nataka nisikie radhi yako nikiwa na vitu vyangu mkononi."

Nikaingia sebuleni. Mkoba ulikuwa kwenye godoro. Kando yake palikuwa na chetezo, kile alichojifukizia.

Nikainama kuchukua mkoba, nikatazama ndani ya chetezo.

Hamkuwa na kaa. Hamkuwa na majivu wala chembe ya uunsi. Palikuwa na mchanga safi wa Tana, na katikati ya mchanga, mashimo mawili madogo yaliyosimama sambamba. La kulia lilikuwa shimo la kiatu kizima. La kushoto halikuwa na kisigino.

Nikatia kidole. Baridi.

 Ningeweza kuupapasa mchanga ule kwa kiganja kimoja, mashimo yakafutika, nikatoka nje nikaomba radhi, na leo ningekuwa nawaandikia kuhusu hina. Kiganja kilishuka mpaka karibu na mchanga.

Nikakirudisha. Nikaubeba mkoba kwa mkono mmoja na chetezo kwa mkono mwingine.

"Mama," nikasema barazani, "mkoba wako huu. Na chetezo hiki ndicho ulichojifukizia?"

"Ndicho. Haya, sema."

Nikakiweka chini kati yetu. Nimo, ambaye hana breki, akainama kukitazama.

"Mbona ni baridi?" akasema, kidole kikiwa ndani. Kisha: "Dada, humu kuna nyayo."

"Nyayo za nini?"

"Za mtu mdogo. Mmoja hauna kisigino."

Hooyo alizitambua kabla sijasema neno. Yeye ndiye aliyemfukuza mbuzi yule na fimbo.

"Naa, unataka kusema nini?" Bishara akaniuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mimi sisemi, mama. Mchanga umeshasema."

"Sema wewe!"

Basi nikasema.

"Ulionyeshwa mlango wa kulia, ukaingia wa kushoto. Ulivuta pazia. Ukamng'oa Jemadari umtazame vizuri. Eddo akapita na ndara zake, ukashtuka, ukamrudisha haraka. Lakini vyetezo vyote ni vya mkono mmoja na jiwe moja. Ulimchomeka kwenye kile chenye kaa, ukatoka na cha kwake. Kisha ukaketi, ukala sambusa zangu nne, ndipo ukaomba uonyeshwe chumba ulichotoka kukikagua."

"Tano," Nimo akasema. Kisha akajiziba mdomo.

Majirani waliokuwa wamepanda juu ya ukuta kusikiliza wakashuka kidogo.

Bishara hakukataa. Lazima nimpe haki yake, ni mwanamke mwenye msimamo. Akaipanga shali, akanyoosha shingo.

"Nilikuja kuona nyumba, na nyumba nimeiona. Mwanangu aliniambia yametupwa. Yalikuwepo. Nani mwongo hapa?"

"Aliyekuambia ni yeye, mama."

"Na wewe ukanyamaza."

"Hilo kweli. Nilinyamaza."

"Basi sikiliza." Akanisogelea hadi nikasikia harufu ya uunsi wa harusi kwenye kola yake. "Hakuna msichana atakayeniita mpekuzi mbele ya mwanangu halafu akawa mke wake. Utaniomba radhi. Utasema sikuingia chumbani mwako. Utasema aliyechanganya vyetezo ni huyu mama wa jikoni, kwa uzee wake. Ukisema hivyo, wazee wetu watakuja wiki ijayo na ngamia. Mashujaa wako tutazungumza baadaye. Ona nilivyo mpole."

Mama wa jikoni ni Eddo Weris. Eddo ambaye macho yake yanahesabu punje za uunsi gizani. Eddo ambaye alikuwa amepoteza chetezo cha oda ya Jumamosi na bado hajanilaumu.

Nikamgeukia. Nilitaka afoke. Eddo hafokewi akanyamaza, sokoni wanamjua hata madalali wa ng'ombe.

Eddo alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Haye, ni mimi," akasema polepole, akimpapasa Jemadari mgongoni kama mtoto mchanga. "Macho yangu siku hizi... Ni mimi niliyechanganya. Sema tu, Kinsi. Mimi ni mzee, mimi siposwi."

"Umeona?" Hanad akasema, uso ukimchanua. "Eddo mwenyewe amekubali. Kinsi, neno moja tu. Samahani. Tumalize."

"Samahani ya nini, Hanad?"

"Ya... yote."

"Yote ni mengi. Chagua moja."

Hanad akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akatazama nyayo mbili kwenye mchanga kwa muda mrefu, na nikajua kwamba anaamini, kwamba anajua vizuri kabisa nani aliingia chumba gani.

"Hanad, wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Hanad akasogea kizingitini. Akainama, akaanza kuvaa viatu.

"Hooyo," mama yangu akaniita kwa mara ya pili.

Kosa la kunyamaza ninalo, nimeliandika pale juu kwa mkono wangu. Kama wangeniomba radhi ya hilo, ningeitoa nikiwa nimepiga magoti kama Jemadari. Lakini hilo hakuna aliyelitaka. Walichotaka ni niseme sikuona nilichokiona, kisha nimvike Eddo Weris aibu isiyokuwa yake, eti ndiyo mahari yangu.

Bishara alikuwa ameshafika kwenye gari, mlango uko wazi, hajaingia. Nimo alikuwa ameshika chetezo na hajui akiweke wapi. Hanad alisimama kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na funguo zinalia kwenye kidole chake.

"Kinsi," akasema. "Kwa mara ya mwisho."

Nikamchukua Jemadari kutoka mikononi mwa Eddo, nikasema kwa sauti ya kuwatosha hata walioko juu ya ukuta:

"Siombi radhi."